Gari limekuwa zito Dodoma: kabla hujafunga koni, kagua haya

Tangu watumishi waanze kuhamia Dodoma mwaka 2016, swali ni lile lile. "Gari langu Dar lilikuwa linachanganya vizuri, huku limekuwa zito. Fundi ananiambia nifunge koni. Nifunge?" Nimelijibu kwenye maegesho ya Mji wa Serikali, Mtumba, nimelijibu sheli nikisubiri zamu yangu, na kuna siku nililijibu msibani Chang'ombe huku tumekaa kwenye mkeka. Leo naliandika, ili anayefuata nimtumie hii.

Koni ninayoisema ni lile chujio la hewa linalokaa wazi kwenye ncha ya bomba linalong'aa, baada ya sanduku la plastiki lililokuja na gari kung'olewa. Yapo ya bei nafuu yasiyo na jina. Zipo pia seti kamili kutoka Marekani ambazo huko kwao tu huuzwa kama dola 300 hadi 400, kabla hujagusa usafiri na ushuru.

Jibu fupi: kama gari lako ni dogo, la petroli, halina turbo (feni inayosukumia hewa kwenye injini), na linalala Dodoma, usifunge. Hela hiyo ina kazi nzuri zaidi palepale chini ya boneti. Lakini usiniamini kwa maneno. Fuata hatua hizi Jumamosi moja asubuhi, gari lenyewe litakujibu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Chujio jipya la karatasi, la gari lako hasa. Kwa Toyota, namba ya spea ya chujio la hewa huanza na 17801. Chukua namba kamili kwenye chujio la zamani au mpe muuza spea namba ya chesesi. Usinunue kwa kukadiria kwa macho.
- Bisibisi ya nyota na spana namba 10.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi. Fulana ya ndani iliyochakaa inafaa sana.
- Brashi laini, ile ndogo ya rangi, ambayo haijawahi kuguswa na rangi.
- Karatasi, kalamu, na mtu wa kushika saa.
- Ukiweza kuazima, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kinachounganishwa na simu. Magari mengi ya Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000 hugoma kuzungumza na vifaa hivi vya bei ndogo, kwa hiyo kisiposoma usidhani umeibiwa.

Fanya asubuhi, na upimaji wa kwanza wa hatua ya 6 uufanye kabla ya kugusa chochote. Kuanzia saa tano hivi, kiangazi, upepo ukishaanza, kisulisuli kimoja kikipita umefungua sanduku la hewa utajutia. Na injini iwe imepoa kabla hujafungua sanduku.

Hatua ya 1: Tenganisha mwinuko na ugonjwa

Dodoma iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 hadi 12 ya nguvu zake kwa sababu hiyo tu. Toyota IST au Runx ya cc 1500, ambayo kwenye makaratasi ina nguvu farasi 109, huku ni kama imebaki na 96 au 97. Hakuna kilichoharibika. Na hakuna koni itakayozirudisha, kwa sababu hewa iliyoko nje ya boneti nayo ni nyepesi vilevile.

Sasa jiulize: gari lilikuwa zito tangu wiki ya kwanza ulipofika na limebaki hivyo hivyo? Huo ni mwinuko, lizoee. Lilikuwa zuri hapahapa Dodoma kisha likazidi kuwa zito mwezi hadi mwezi? Huo ni ugonjwa. Kabla ya kuilaumu hewa, pima upepo wa matairi, endesha kilomita tano kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa (inayotoa joto kuliko wenzake, breki yake inakamata), na uulize plagi zimebadilishwa lini. Nimeona mtu wa Kisasa amenunua koni wakati breki ya mkono ilikuwa haiachii vizuri.

Hatua ya 2: Fungua sanduku

Zima gari, toa funguo. Kabla ya kugusa klipu yoyote, futa vumbi lililolala juu ya sanduku kwa kitambaa kibichi. Hili watu wanaliruka, kisha vumbi lote la juu linamwagikia ndani.

Legeza klipu, mbili mpaka nne kutegemea gari. Kama kuna soketi ya sensa (kifaa kinachopima hewa inayoingia) kwenye bomba la kutokea, bonyeza ulimi wake ndipo uvute. Usivute nyaya. Inua kifuniko taratibu, toa chujio likiwa limelala vilevile lilivyokaa, upande mchafu chini, ili uchafu usidondokee upande safi.

Hatua ya 3: Kipimo cha kitambaa cheupe

Hii ndiyo hatua ninayotaka uifanye hata kama nyingine zote utaziacha.

Zungushia kitambaa cheupe kwenye kidole. Kiingize kwenye bomba la baada ya chujio, yaani upande wa kuelekea kwenye injini, ufute ukuta wa ndani mzunguko mzima. Usifike kwenye sensa. Kitoe ukiangalie kwenye mwanga.

Kikitoka kisafi, au na weusi mwembamba wa mvuke wa oili, sanduku lako linafanya kazi. Kikitoka na rangi ya udongo, vumbi linapita, na linapita saa hizi hizi. Chukua kidogo usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia mikwaruzo kama ya chumvi laini, hizo ni chembe za mchanga, na ndizo zinazokula ringi za pistoni na kuta za silinda mpaka gari linaanza kunywa oili.

Mimi nililijua hilo kwa gharama. Nilifunga koni mwezi wa sita, kwenye Runx. Fundi alinambia, "Bosi, hii ikinguruma tu watu watakupisha njia." Kweli ilinguruma. Nilienda nayo Kondoa, nilienda Bahi, kila Jumapili nilipita njia ya vumbi ya kwenda shambani kwenye zabibu. Mwezi wa kumi nilifungua bomba kutafuta kilichokuwa kinapiga filimbi, nikakuta ndani utando mwekundu, laini kama binzari, na juu yake alama ya kidole changu ikabaki imechorwa. Koni ilikuwa haijatoboka. Shingo yake haikuwa saizi ya bomba, fundi akakaza klipu mpaka mpira ukajikunja, na kwenye hilo kunjo kulikuwa na upenyo ambao unga wa chapati ungepita.

Kumbuka kiasi cha hewa tunachozungumzia. Injini ya 1500 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na umekanyaga mpaka mwisho, inavuta karibu lita 2,000 kila dakika. Hayo ni mapipa kumi makubwa ya mafuta. Upenyo mdogo, hewa nyingi, kiangazi cha miezi saba.

Hatua ya 4: Badilisha au safisha chujio

Shika chujio la zamani, weka tochi nyuma ya mikunjo. Mwanga ukipita kila mahali, bado linafaa. Usipopita, au karatasi imelowa oili, au kuna tundu hata la sindano, weka jipya.

Kama unasafisha, ligonge polepole kwa kiganja, upande mchafu ukiangalia chini, kisha pitisha brashi kufuata mikunjo. Ukitumia upepo wa kompresa, elekeza kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kwa presha ndogo, bomba likiwa mbali angalau shubiri moja.

Tahadhari tatu, kwa sababu makosa haya nayaona kila wiki:

- Kwenye vibanda vya pancha wanapuliza kutoka upande wa vumbi, kwa presha ile ile ya kujazia tairi la lori. Vumbi linasukumwa ndani ya karatasi na mikunjo inachanika. Chujio linaonekana jeupe, limekufa.
- Usiligonge kwenye tairi wala kwenye ukingo wa karo. Fremu ikipinda, mpira wa pembeni haukai tena.
- Usilioshe chujio la karatasi kwa maji na sabuni. Wala petroli.

Vitabu vingi vya watengenezaji vinaruhusu chujio moja liende kilomita 30,000 hadi 50,000, lakini vitabu hivyo hivyo vinataja hali ya vumbi kivyake. Hesabia kwamba wewe uko kwenye hali hiyo. Anayezunguka lami ya mjini tu, akague kila kilomita 5,000. Anayeishi Nala, Hombolo au popote ambapo nyumbani hakufikiki bila vumbi, akague kila mwezi kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba.

Kabla ya kurudisha, futa ndani ya sanduku, hasa kwenye mfereji mpira wa chujio unapokaa. Chembe moja ya kokoto hapo inatosha kuacha mwanya. Bana klipu zote. Iliyovunjika tafuta nyingine, usifunge kwa waya.

Hatua ya 5: Fuata bomba mpaka mdomoni

Hapa ndipo wengi wanapata nguvu waliyokuwa wanaitafuta kwenye koni.

Kutoka kwenye sanduku kuna bomba la plastiki linalokwenda mbele nyuma ya taa, au kwenye uvungu wa madigadi. Kazi yake ni kuvuta hewa ya nje, isiyopashwa na injini. Kwa maneno mengine, gari lako lilitoka kiwandani na mfumo wa hewa baridi tayari. Tatizo ni kwamba kwenye magari mengi yaliyopita mikononi mwa mafundi watano, bomba hilo halipo. Lilitolewa siku ya kubadilisha taa au baada ya ajali ndogo, likabaki nyuma ya gereji. Sanduku sasa linavuta hewa ya moto ya karibu na rejeta.

Koni ya wazi inafanya kosa hilo hilo kwa makusudi. Ukivuta hewa ya nyuzi 60 badala ya 35, kila pumzi ya injini inakuwa na hewa pungufu kwa asilimia 7 hivi. Unalipia kupoteza nguvu, na mngurumo unakudanganya kwamba umeongeza.

Kwa hiyo: tafuta bomba lako, angalia kama limekatika, limechomoka, au halipo. Spea iliyotumika hupatikana kwa wauza spea za mtumba kwa bei ndogo sana ukilinganisha na seti mpya. Toa majani, nyavu za buibui, na chochote usichotarajia. Mimi niliwahi kutoa kiota cha panya chenye karanga ndani.

Hatua ya 6: Pima kwa saa, siyo kwa sikio

Tafuta kipande cha lami kilichonyooka, tambarare, kisicho na makazi wala watoto wa shule, asubuhi kabla ya malori. Zima kiyoyozi. Gari la otomatiki likiwa D, nenda kilomita 40 kwa saa, kanyaga mpaka mwisho, mwenzako apime sekunde mpaka 80. Rudia mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, uandike zote sita na upate wastani. Dereva asiangalie saa, na mwenye saa asiendeshe.

Pima mara moja kabla ya kugusa chochote, mara ya pili baada ya hatua ya 4 na 5. Tofauti ikiwa chini ya nusu sekunde, ichukulie kuwa haipo. Vidole vya mshika saa peke yake vinaweza kuizalisha.

Usijaribu kupima kwa kutoa chujio kabisa "tuone tu". Kilomita mbili bila chujio kwenye vumbi letu ni uharibifu wa kweli.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Anayeuza koni atasema inapunguza mafuta. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge huko Marekani ilipima magari yenye machujio ya hewa yaliyozibwa kwa makusudi, Toyota Camry ikiwemo. Kwa magari ya petroli ya kisasa yenye nozeli (vinyunyizio vya mafuta), chujio chafu halikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni kuchanganya, yaani kushika kasi. Sababu ni kwamba kompyuta inapima hewa na kupunguza mafuta kulingana nayo. Gari la zamani la kabureta, lisilo na kompyuta hiyo, ndilo lililoonyesha tofauti kwenye mafuta. Basi kama hata chujio lililoziba halikuongezei ulaji, koni juu ya chujio zima itakuokolea lita ngapi?

Andika upande mmoja: koni, bomba, ufundi, na oili maalumu ya kulowesha chujio lake kama ni la pamba. Upande wa pili: chujio jipya, bomba la mbele la mtumba, plagi, na dawa ya kusafishia sensa ya hewa. Kwenye gari langu upande wa pili haukufika nusu ya wa kwanza, na chenji ilitosha kujaza tenki.

Hatua ya 8: Kama wewe ni wa wale wachache

Kuna ambao kubadilisha njia ya hewa kunawafaa.

Mwenye gari la turbo, kama Forester ya turbo, ambaye pia anapanga kurekebisha kompyuta kwa fundi anayeijua kazi hiyo. Bila kurekebisha kompyuta, bomba peke yake halina mengi.

Na mwenye Land Cruiser Hardtop au pikapu ya dizeli anayeingia porini Kondoa, Mpwapwa au upande wa Manyoni. Huyu afunge snokeli, lile bomba linalopanda pembeni ya kioo. Lengo si nguvu. Ni kuvuta hewa ya juu ya paa, ambako vumbi ni haba kuliko la magurudumuni, na ukiliwekea kichwa kinachozungusha hewa, chembe nzito hutupwa nje kabla hazijafika kwenye chujio. Sharti moja: kila kiungo kizibwe kwa silikoni, kisha mwenzako azibe mdomo wa snokeli kwa kiganja na kipande cha ubao huku injini ikinguruma taratibu. Injini ikizima au ikakaribia kuzima, hakuna kinachovuja. Ikiendelea kama kawaida, inavuta hewa pengine. Usizibe kwa mkono mtupu.

Ukifunga koni hata hivyo (najua wapo, na sauti ni tamu, sikatai): iwe na ngao ya kuitenga na joto, shingo iwe saizi ya bomba, na isishuke chini kwenye bampa. Chujio la pamba lisilowe oili kupita kiasi. Kitambaa cheupe kila wiki mbili.

Mambo yakienda mrama

*Taa ya injini imewaka baada ya kusafisha.* Mara nyingi umesahau kurudisha soketi ya sensa. Kisomaji kitakuonyesha kodi (namba ya kosa) P0102 au P0113. Irudishe, futa kodi.

*Sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, au kuna filimbi ukikanyaga.* Hewa inaingia baada ya sensa. Angalia mpira wenye mikunjo kati ya sanduku na throto (mlango wa hewa ya injini): ukunjue kwa vidole, nyufa hujificha ndani ya mikunjo. Kaza klipu.

*P0171, gari linasita.* Kama hakuna panapovuja, sensa ya hewa imechafuka, hasa kama uliwahi kuweka chujio la hewa la pamba lenye oili. Isafishe kwa dawa yake maalumu tu, usiiguse kwa brashi wala kitambaa. Waya wake ni mwembamba sana.

*Umeweka chujio jipya, kitambaa bado kinatoka chekundu.* Linganisha jipya na la zamani kwa kulaza moja juu ya jingine. Feki mara nyingi hupungua milimita mbili tatu pembeni, au mpira wake ni mgumu na hauzibi. Lirudishe dukani.

*Dizeli inatoa moshi mweusi ikipanda mlima.* Anza na chujio kabla ya kuruhusu mtu afungue nozeli.

*Umeingia korongoni mwezi wa kwanza, maji yamepanda, gari limezima.* Hili huwapata zaidi wenye bomba lililoshushwa chini kwenye bampa. Usipige stata hata mara moja. Maji hayabanwi kama hewa, na ukilazimisha, fimbo ya pistoni inapinda. Livute nje, fungua sanduku, gusa chujio. Likiwa kavu, bahati yako. Likiwa limelowa, plagi zote zitolewe, injini izungushwe ili maji yatoke kwenye matundu, oili ikaguliwe kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na chujio hilo usilianike juani ulirudishe. Litupe.